Mama wa Besi

Mikono yake ndiyo iliyokuwa mizani. Alikuwa msusi, na mtu aliyetaka kujua kama wimbo fulani ni mzito hakuwa na haja ya kumuuliza. Aliuweka wimbo wake kwenye simu, akavitazama vidole vya yule mama vikipita kwenye nywele za mteja. Vidole vikiendelea na kazi, basi wimbo ni mwepesi, hata kama spika inatikisa vioo. "Mikono yangu ikisimama," alikuwa akisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "njo mutajua." Katika miaka saba niliyolinda mlango wa jengo lile la Rosettenville, Johannesburg, niliiona ikisimama mara moja tu.

Jina lake silitaji, na hata pale jengoni hakuna aliyelitumia. Wakongo wenzake, sisi Watanzania, hata Mreno mwenye gereji ya jirani aliyejua maneno manne tu ya Kiswahili, wote tulimwita Mama wa Besi. Katika kwaya ya kanisa lao aliimba sauti ya chini kabisa, mwanamke peke yake kwenye mstari wa wanaume. Niliwahi kumuuliza ilikuwaje. Akasema kule kwao ulifika wakati wanaume wa kwaya waliisha, wengine wamekimbilia porini, wengine wako mchangani, na wimbo usio na besi ni nyumba isiyo na sakafu. Kina mama wakagawana sauti zilizobaki. "Mimi nilipewa ile ya chini. Nilikuwa na kifua." Kisha akaniomba nimsogezee kitana, na habari hiyo ikaishia hapo.

Nami niseme mapema nilikuwa nani, kwa sababu bila hivyo makosa yangu hayataeleweka. Nilitoka Tanga na cheti cha kidato cha nne. Ujanani nilikuwa fundi mitambo wa bendi ya dansi: nilibeba spika, nilitandaza nyaya, nilikaa nyuma ya mikseri nikipandisha hiki na kushusha kile. Sikuwahi kuimba wala kupiga chombo. Lakini mtu aliyebeba spika kwa miaka minane hujiona anaujua muziki kuliko aliyeutunga. Nilipofika Johannesburg nikawa mlinzi. Mama wa Besi alipogundua kwamba najua mitambo, akaniomba nisimamie sauti kanisani kwao kila Jumapili. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mwislamu.

"Mikseri yetu haijabatizwa," akasema. "Usiogope."

Ndivyo nilivyoingia katika maisha yao.

Chumba chake cha ususi kilikuwa ghorofa ya chini, viti vitatu na kioo kirefu. Aliziita spika masanduku ya kelele, akawakaripia wote waliopaza sauti za simu zao, lakini spika mbili kubwa kuliko zote mtaani zilikaa kwake: zilikuwa za kwaya, zikingoja Jumapili, zimesimama pembeni kama watu waliokosa viti, amezifunika vitambaa vya kufuma. Hicho hakikuwa kinyume pekee kwake. Alihubiri subira kuanzia asubuhi, huku yeye mwenyewe hakuweza kuisubiri robot ya barabarani igeuke kijani. Alivuka barabara taa nyekundu ikiwaka, mkono mmoja umeinuliwa kuzizuia teksi, kama mtu anayesimamisha kwaya. Wateja waliochezesha kichwa aliwagonga kwa kitana, akawasuka kwa upole hadi wakasinzia. Alidai hampikii mtu asiye wa nyumbani kwake. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya kufunga duka, aliacha kwenye meza yangu bakuli lenye kifuniko, na kesho yake nikimshukuru anasema, "Bakuli gani?"

Mabishano yetu yalikuwa ya Jumanne na Jumatano, siku ambazo wateja ni wachache. Kiti cha pili kilikuwa cha binti wa Dar es Salaam, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Siku moja alichomeka amapiano. Ule mdundo wa chini ulipoingia, chupa za mafuta ya nywele zikaanza kutembea juu ya rafu.

"Eish! Mama, hii nzito au siyo nzito?"

"Inatembeza chupa," Mama wa Besi akajibu, macho kwenye nywele. "Mimi sina chupa."

"Uzito ni besi, Mama," nikaingilia kutoka mlangoni. "Uzito ni pale tumbo linapoitika kabla ya sikio. Bendi yetu ikianza, hata mtu aliyeko msalani anatoka mbio hajamaliza."

"Huyo alikuwa anaumwa tumbo, Baba Tanga. Musiki haikuhusika."

Walicheka mpaka mteja akaomba apewe maji. Mimi nilicheka pia, lakini niliweka moyoni. Wiki iliyofuata nikaleta taarabu, ile ya zamani, yenye fidla zinazolia kwa zamu. Nilikuwa na hakika. Alisikiliza wimbo mzima, akasuka mistari mitatu bila kukosea.

"Tamu," akasema. "Lakini inasema sana. Mutu mwenye muzigo hasemi sana. Anahema."

Yule Mreno wa gereji naye alikuwa na muziki wake, magitaa yanayokwaruza kama bati linalokokotwa juu ya saruji, na mwanamume anayenguruma ndani yake. Sisi sote tulisema ni uwendawazimu. Siku moja Mama wa Besi alitoka na kitana mkononi, akaenda kusimama kwenye mlango wa gereji, akausikiliza wimbo mmoja hadi mwisho. Aliporudi tulikuwa tunamngoja kwa hamu.

"Yule mutu analia," akasema. "Anaona haya, njo anafichia kilio chake ndani ya magitaa."

"Sasa hiyo nzito, Mama?" binti wa Dar akauliza.

"Musiki yake haiko muzito. Yeye njo muzito."

Baadaye tukaja kusikia kwamba mke wa yule Mreno alikuwa amelazwa miezi yote ile, na hakuwa amemwambia mtu.

Siku mikono iliposimama hapakuwa na spika wala simu. Basi la mazishi lilikuwa limezuiwa na robot nje ya jengo letu, Jumamosi kabla ya adhuhuri, madirisha wazi, na kina mama wa hapahapa walikuwa wakiimba kwa sauti zilizochoka. Hawakupaza. Vidole vya Mama wa Besi vikasimama katikati ya msuko. Binti wa Dar akanikonyeza. Robot ikabadilika, basi likaenda, vidole vikaendelea.

"Mama, mikono!"

"Nimeona."

"Kwa nini hao?"

"Wameacha nafasi ya mutu," akasema. "Hamukusikia? Kuna sauti moja haiko, na hakuna anayekaa mahali pake."

Mimi sikusikia nafasi yoyote. Nilisikia kina mama wanaoimba bila besi.

Mwana wa Mama wa Besi nilimjua vizuri. Alikuwa mtu mzima, dereva wa lori, mnene kiasi, mwenye aibu. Alirithi sauti ya mama yake. Jumapili walisimama bega kwa bega, na ukifumba macho hukujua yupi ni yupi. Kulikuwa na wimbo wao mmoja wa Kiswahili cha kwao ambao katikati yake kwaya yote hunyamaza, na besi peke yake inashuka, hatua kwa hatua, kama mtu anayeteremka kisimani, halafu wote wanaingia tena na kumpandisha. Mahali hapo palikuwa pa yule kijana. Mama yake alimwachia. Alipokuwa akishuka, mama alitazama viatu vyake mwenyewe, na nadhani alifanya hivyo ili watu wasimwone anavyojivuna.

Yule kijana alikufa katika ajali ya lori, njia ya Durban.

Hapa lazima nieleze desturi ya kwaya ile. Mwimbaji wao akifa, pale alipokuwa akiimba peke yake huachwa wazi mwaka mzima. Wimbo hauachwi. Unaimbwa kila unapofika wakati wake, na ukifika mahali pale wote wananyamaza, kinanda nacho, wakihesabu mapigo kwa vidole vya miguu ndani ya viatu, kisha wanaingia pamoja kama kawaida. Jumapili ya kutimiza mwaka, nafasi ile hukaa wazi kwa mara ya mwisho. Wimbo ukiisha, mwenye msiba anamgusa mtu bega, na huyo ndiye atakayeimba tangu siku ile. Maana yake ni kwamba marehemu ameruhusiwa kwenda. Nilielezwa haya yote na Mama wa Besi mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja, siku ya tatu baada ya maziko. Sitaki mtu aseme sikujua. Nilijua.

Mwaka ule nilikaa nyuma ya mikseri nikishuhudia kimya kile, labda mara kumi. Nitasema ukweli: kilinitesa. Fundi mitambo hufundishwa kuogopa kimya kuliko kitu chochote. Sauti ikikatika, watu wote wanageuka kukutazama wewe. Kila walipofika pale, mkono wangu ulikuwa unapanda wenyewe kutafuta waya uliochomoka.

Nilikuwa pia na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Siku moja ya mazoezi, miezi kadhaa kabla ya ajali, nilirekodi kwa simu yangu ili nipime mikrofoni. Yule kijana alisimama mbele yake, akasema "moja, mbili," akacheka kidogo, kisha akaimba sehemu yake yote peke yake, akiteremka hadi chini kabisa. Niliigundua rekodi hiyo baada ya mazishi. Sikumwambia mama yake. Kwanza nilingoja huzuni ipungue. Kisha nikaanza kuisikiliza mwenyewe, pale mlangoni, kwa kifaa cha sikio kimoja, mara nyingi kuliko inavyofaa. Mwisho nikaona kwamba ni yangu.

Wiki mbili kabla ya mwaka kutimia tulibishana tena. Nilisema kimya hakiwezi kuwa muziki, achilia mbali muziki mzito. Kitu kisichokuwapo hakina kilo. Nilisema kwa kelele kuliko ilivyohitajika. Mama wa Besi aliweka kitana chini.

"Baba Tanga," akasema, "weye haujabeba kitu kizito maisha yako yote. Umebeba spika."

Binti wa Dar akapiga kofi la kicheko, wateja wakafuata. Nikatoka nje kukagua geti ambalo halikuwa na tatizo.

Miaka yote nimejiambia kwamba nilichofanya Jumapili ile kilikuwa zawadi. Na ilikuwamo zawadi ndani yake, sikatai. Niliwaza atakavyofurahi kumsikia mwanawe. Lakini ilikuwamo pia ile hamu ya kushinda. Nilitaka nafasi ile ijae, ijae kwa spika zangu, watu watikisike, halafu yeye aje kuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Niliunganisha simu kwenye mikseri asubuhi kabla hawajafika, nikasafisha sauti, nikaongeza besi.

Kanisa lilijaa. Wimbo ulianza vizuri. Walipofika pale, wote wakanyamaza, na mimi nikabonyeza.

Sauti ikatoka pande zote mbili za ukumbi, kubwa kuliko aliyokuwa nayo alipokuwa hai. Mtu mmoja alipiga yowe nyuma. Mpiga kinanda aliinuka na kiti kikaanguka. Mimi nilikuwa namtazama Mama wa Besi, maana nilitaka kuuona uso wake. Hakuzitazama spika. Aligeuka kutazama mlango. Aligeuka haraka, kama mwanamke anayesikia mtu wake amerudi safari, na uso ulikuwa wa furaha. Aliutazama mlango ule mpaka sauti ikafika chini kabisa na kuisha. Hakuna aliyeingia. Ndipo akakaa chini, sakafuni, na gauni lake la kwaya.

Kwaya haikuendelea. Hakuna aliyeguswa bega. Mzee wao mmoja alikuja hadi kwenye mikseri, akaniambia kwa upole mkubwa, "Ndugu, zima." Sikuwa na kitu cha kuzima tena, lakini nilizima kila kitu.

Nilikunja nyaya zangu, nikatoka kwa mlango wa pembeni. Alasiri hiyohiyo nikampigia simu msimamizi wangu, nikaomba kituo kingine, nikasema nina ugomvi na watu wa jengo. Jumatatu asubuhi nilianza kazi Kensington, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, kwenye maduka ya barabara kuu. Rekodi nilikaa nayo karibu miezi miwili. Siku moja nikaifuta. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo toba. Baadaye nilimpigia binti wa Dar kwa namba iliyofichwa, akanipa habari: Mama wa Besi ameacha kwaya, na wimbo ule hauimbwi tena, kwa kuwa mwaka wake haukufungwa, na hakuna anayejua unafungwaje sasa. Nikakata kabla hajamaliza, na sikumpigia tena yule binti.

Ilipita miaka sita. Nilistaafu ulinzi, nikabaki na chumba changu Kensington na presha. Mwaka huu, asubuhi moja ya baridi, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki nikisubiri dawa. Muuguzi aliita namba, mimi nikauliza mtu wa mbele kama ni yangu. Aliyekuwa amekaa upande wangu wa kushoto akageuza kichwa.

"Baba Tanga," akasema.

Mama wa Besi alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinitambua kwa sauti. Alikuwa amehamia huku kwa mpwa wake, hasuki tena. Nikamwamkia, akaitika. Nikaanza kusema maneno niliyoyaandaa miaka sita, kwamba nilikosa, kwamba nilijua desturi na nikaivunja, kwamba sikufanya kwa heshima tu, nilitaka kumshinda. Aliniacha niseme yote. Watu wawili waliitwa dirishani tukiwa hapo.

"Bon, basi," akasema. "Uko nayo bado?"

"Nini, Mama?"

"Ile sauti."

Ningeweza kumwambia kwamba iko nyumbani. Ningeweza kusema simu iliibwa. Johannesburg hakuna asiyeamini hilo. Uongo wa namna hiyo ulinijia midomoni, umeshavaa na viatu.

"Niliifuta," nikasema. "Mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Baada ya kama miezi miwili."

Aliweka mikono juu ya mfuko wa dawa. Kisha akaniambia, bila hasira, kama mtu anayesimulia jambo la jirani, kwamba Jumatatu ile aliamka mapema kuliko siku zote akaja jengoni. Usiku kucha alikuwa amenichukia, lakini asubuhi alikuwa amepata lile la kuniomba. Alitaka kusikia tena. Alikuta mlinzi mwingine mlangoni. Akaja Jumanne pia, na Jumatano. Wakamwambia nimehama, hawana namba yangu. Hakuwa na rekodi nyingine ya mwanawe akiimba. Nani alirekodi mazoezi siku zile?

Nilikuwa nimeogopa uso wake kwa miaka sita, na uso ule ulikuwa umesimama mlangoni kwangu siku tatu ukiniomba kitu nilichokuwa nacho mfukoni.

"Uliisikiliza?" akauliza.

"Mara nyingi sana, Mama. Kila siku."

"Basi unaikumbuka."

"Naikumbuka."

"Imba."

Nikamwambia siwezi, sijawahi kuimba, mimi ni mtu wa nyaya. Nikamwambia tuko kliniki, watu wamejaa. Akaweka mkono wake juu ya goti langu, mwepesi sana, akauacha hapo. Mwanamke wa Kizulu aliyekaa mbele yetu aligeuka kututazama.

Nikaanza. "Moja, mbili," nikasema, kwa sababu ndivyo yeye alivyoanza, nikacheka kidogo mahali alipocheka. Kisha nikaishika sauti ya kwanza, na sauti yangu ilikuwa kavu, ya mzee, inatetemeka. Nikateremka hatua moja. Nikateremka ya pili. Muuguzi aliita namba yangu, sikuinuka.

Mama wa Besi alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande wangu.

"Haiko hapo," akasema taratibu. "Chini, Baba. Alikuwa anakwenda chini zaidi."

Nikavuta pumzi, nikarudia kutoka mwanzo.